Kaimu Mdomo wa Mtukufu

Nchi yetu haipo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msijisumbue kuitafuta. Na ikitokea mkaona inafanana na nchi mnayoijua, basi lawama ziende kwa hiyo mnayoijua, maana sisi hatujawahi kumwiga mtu. Inaitwa Jamhuri ya Neemani, na kiongozi wetu anaitwa Mtukufu Mlezi wa Taifa. Jina lake la kuzaliwa lipo, lakini kulitamka ni kosa, na mimi ni mtu mtiifu.

Mimi naitwa Ngwale. Nilikuwa mpiga ngoma kubwa katika Bendi ya Ikulu, na rafiki yangu Mshamu Likwata alikuwa mpiga tarumbeta. Kazi yetu ilikuwa kumsindikiza Mtukufu uwanja wa ndege anaposafiri na kumpokea anaporudi. Kwa kuwa Mtukufu aliipenda nchi yake kiasi cha kuikumbuka vizuri zaidi akiwa mbali, hatukukosa kazi.

Wote wawili tulikuwa na kisukari. Hilo halikuwa jambo la kuona aibu. Kiwanda cha sukari ni cha familia ya Mtukufu, kwa hiyo ni chetu sote, na uzalendo wa mtu kwetu hupimwa kwenye kikombe chake cha chai. Ukiomba chai isiyo na sukari mgahawani, mhudumu hutazama kushoto na kulia kabla ya kukuletea, na meza ya jirani huanza kuongea kwa sauti ya chini. Mshamu alikunywa chai ya Ikulu kwa miaka mingi, asubuhi na jioni, ile ambayo kijiko kikisimamishwa ndani yake hakianguki.

Mwaka huo miguu ilianza kumsumbua. Tukitoka getini kuelekea kwenye ndege kwa mwendo wa gwaride, mashavu ya miguu yalimkaza kama yamefungwa kamba. Alikuwa anasimama, anageuza tarumbeta, anajifanya anamwaga mate yaliyojaa ndani. Maumivu yakipoa anatukimbilia. Halafu buti la bendi likamchubua kidole gumba, pakawa na kidonda kidogo, si kikubwa kuliko punje ya mahindi, nacho hakikupona.

"Ni buti tu," aliniambia. "Wakileta mapya, maumivu yataisha."

Mkewe, Somoe, alikuwa akimwosha mguu ule kila siku na kunitazama mimi, kana kwamba mpiga ngoma kubwa anaweza kujua kitu.

*

Ndipo aliporudi nchini Daktari Nuria Kihampa. Alikuwa amesoma ng'ambo akarudi kwa hiari yake, jambo lililowatia wasiwasi watu wa Usalama. Alikuja na kipimo kipya. Alieleza redioni kwamba kisukari huharibu mishipa mikubwa ya damu kimyakimya, huifanya migumu na kuiziba, na mwenye mishipa hiyo hajui mpaka moyo usimame au mguu uoze. Lakini mate, alisema, hubeba dalili za mishipa inayoumwa. Mtu anatema kwenye kikopo, bila sindano wala mashine kubwa, na daktari anapata kujua nani wa kuharakishwa.

"Kipimo hiki si dawa," alisema. "Ni king'ora. Kikilia, lazima mtu apimwe zaidi na atibiwe."

Bahati mbaya, matangazo yalikatika hapo ili kupisha wimbo wa kiwanda cha sukari.

Waziri wa Afya na Furaha, Mheshimiwa Erasto Mabewa, alizindua kampeni kwenye Uwanja wa Ushindi. Tulipiga nyimbo nne kabla hajasimama.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Kuna mataifa yana mafuta. Kuna mataifa yana almasi. Kwa muda mrefu tumedharauliwa kwamba hatuna kitu. Leo nawauliza, nani hana mate?"

Uwanja mzima ukapiga makofi, maana kweli hakuna aliyekuwa hana.

Wagonjwa walipanga foleni wakaanza kutema kwenye vikopo. Polisi hawakuwa wamearifiwa, na Sheria ya Usafi inakataza kutema mate hadharani, wakawakamata wote. Vikopo vilichukuliwa kama ushahidi, vikawekwa juani mpaka ushahidi ukakauka. Suala lilipelekwa Bungeni. Baada ya mjadala mrefu, wenye machozi na hata ngumi, Bunge liliamua kwamba mate yaliyo kinywani ni ya mwananchi, lakini yakishavuka midomo ni mali ya Serikali. Hivyo kila mmoja akapata haki yake, na wagonjwa wakaachiwa kwa onyo.

*

Sasa, Mtukufu naye alikuwa na kisukari. Sote tulilijua hilo, ndiyo maana lilikuwa siri ya taifa. Ikaonekana ni vibaya wananchi wapimwe mate kabla ya Mlezi wao. Lakini nani angemshikia Mtukufu kikopo na kumwambia "tema"? Kwanza hiyo ni amri, na Mtukufu haamriwi. Pili, kutema ni kutoa, na Mtukufu kwa mujibu wa Katiba hupokea.

Walijaribu njia ya heshima. Afisa mmoja aliketishwa mstari wa mbele kwenye hotuba, akiwa na kikopo, akinge yatakayoruka yenyewe. Alikinga vizuri, lakini hotuba ilihusu umoja wa kitaifa, na mate ya Mtukufu yakachanganyika na ya mkalimani.

Basi Kamati ya Itifaki ikaketi na kuja na ufumbuzi ambao hata leo nikiuwaza navua kofia. Atafutwe mwananchi wa rika la Mtukufu, mwenye ugonjwa wa Mtukufu, anayekunywa chai ya Mtukufu, ateme kwa niaba ya Mtukufu. Na ni nani afaaye kuliko Mshamu, ambaye mdomo wake tayari ulikuwa unalipwa na Ikulu?

Daktari Nuria aliitwa kuarifiwa. Nilikuwepo, kwa sababu Mshamu alikuwa hawezi tena kupanda ngazi za wizara bila bega la mtu.

"Mheshimiwa," daktari alisema, "mate ya mtu mmoja hayawezi kueleza mishipa ya mtu mwingine."

Mheshimiwa Mabewa alicheka kwa upole, kama anavyochekewa mtoto. "Daktari, mimi huongea kwa niaba ya mamilioni ya wananchi ambao sijawahi kuonana nao. Mate yanashindwa nini?"

"Yanashindwa kudanganya, Mheshimiwa."

"Yatazoea."

Mshamu akaapishwa kuwa Kaimu Mdomo wa Mtukufu. Alipewa utepe wa kijani wa kuvaa kifuani na walinzi wa kumfuata. Kuanzia siku hiyo alikatazwa kutema ovyo, kulamba stempu, na kunywa chai kwenye vikombe vya mgahawani. Tulipofika nyumbani kwake, Somoe aliutazama ule utepe.

"Wamekupa nini?"

"Cheo," Mshamu alisema.

"Na dawa ya mguu?"

"Cheo kwanza, mke wangu. Dawa ziko njiani."

Alisema hivyo kwa furaha ya kweli. Msimcheke. Mtu aliyepuliza pumzi yake yote kwa ajili ya mwingine, akiambiwa hatimaye kwamba anahitajika, hufurahi.

*

Majibu yalitoka. Daktari Nuria alimkalisha Mshamu kitini, naye akaketi kwenye kibao cha chini, akamvua buti. Aligusa juu ya unyayo kwa vidole viwili, akahamisha, akagusa tena nyuma ya fundo la mguu, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani. Aliendelea kutafuta kwa muda. Kwenye mguu wenye kidonda hakupata kitu.

"Baba," alisema, "mate yako yanasema mishipa yako inaumwa, na mguu unasema hivyo hivyo. Damu haishuki vizuri. Ndiyo maana unakukaza ukitembea, na ndiyo maana kidonda hakiponi. Lakini umewahi. Kuna dawa za kuanza leo, na kuna mshipa wa kuzibuliwa. Mguu huu unaokoleka."

Mshamu alifungua mdomo ajibu, lakini mlango ulifunguka akaingia Mheshimiwa Mabewa na ujumbe wake.

"Majibu ya Mtukufu yakoje?"

"Majibu ya Mzee Mshamu si mazuri," daktari alisema.

"Sijakuuliza ya Mshamu. Mshamu hajapimwa. Nimeuliza ya Mtukufu."

"Mheshimiwa, mgonjwa ni huyu hapa. Mguu wake huu hapa."

Waziri aliutazama mguu ule uliokaa wazi, mweusi kidogo kwenye kidole, akaziba pua kwa kitambaa. Halafu ukweli ukamwingia, akapiga magoti.

"Maskini Mtukufu wetu!" alilia. "Amekuwa akiteseka kimya kimya!" Ujumbe wote ukapiga magoti na kulia. Alipoinuka, alimgeukia Mshamu kwa hasira. "Na wewe! Umeaminiwa kinywa cha nchi, halafu unaleta mate ya namna hii?"

"Nisamehe, Mheshimiwa," Mshamu alisema. "Nilitema yaliyokuwepo."

*

Taifa lilimwombea. Mtukufu akasafirishwa ng'ambo kutibiwa mishipa, pamoja na familia, wasaidizi, na wapishi wake wa maandazi. Bendi tuliitwa kumsindikiza. Mshamu hakuweza kutembea kutoka getini, tukampakia kwenye toroli la mizigo, kati ya masanduku ya Mama wa Taifa, tukamsukuma mpaka kwenye ndege. Kutoka hapo juu alipuliza wimbo wa taifa bila kukosea. Mtukufu alipanda ngazi kwa kurukaruka, akageuka akatupungia. Watu walisema, tazameni ujasiri wa mgonjwa huyu.

Alikaa huko mpaka embe zikaisha sokoni. Redio ilitutangazia kwamba mabingwa wa huko walimchunguza wakastaajabu, kwani mishipa ya Mtukufu ilikuwa safi kama ya kijana. Mtangazaji alieleza kwamba hayo ndiyo matokeo ya matibabu ambayo Mtukufu alikuwa anaenda kuyapata. Picha zilimwonyesha ufukweni amevaa kaptura. Alirudi amenenepa, taifa likafanya sherehe ya kupona, na chai ikagawiwa bure viwanjani.

Sasa zamu ya Mshamu, tukafikiri kwa akili zetu ndogo. Mimi na Somoe tulimpeleka Hospitali ya Taifa. Kidole kilikuwa kimekwisha kuwa kama mkaa, na homa ilikuwa inakuja na kuondoka. Mganga mkuu alitupokea vizuri sana, hata akaagiza tuletewe soda.

"Mzee, nimefurahi kukuona," alisema. "Lakini sielewi shida yako. Mate yako yalishatibiwa ng'ambo."

"Yalitibiwa mate," Somoe alisema. "Mwenye mate hakutibiwa."

"Mama, taifa limegharamia ugonjwa huu kwa kiwango ambacho hakijawahi kutokea. Leo mnataka utibiwe mara ya pili? Wapo wananchi ambao hawajatibiwa hata mara moja. Tuwe na huruma."

"Mguu unaniuma, bwana mkubwa," Mshamu alisema. Hakuwa mtu wa kulalamika, na aliyasema hayo akitazama sakafu.

Mganga mkuu aliinamia meza, akashusha sauti. "Mzee wangu, nielewe. Nikiandika kwamba mishipa yako imeziba, nimeandika kwamba ya Mtukufu haikuzibuka. Nina watoto. Mguu ni wako, lakini mishipa iliyomo ni ya Ikulu. Siwezi kuigusa bila kibali."

"Na kibali kinatoka wapi?"

"Kwa mwenye mishipa."

Soda zilikuja tulipokuwa tunatoka. Zilikuwa tamu.

*

Daktari Nuria alikuja nyumbani kwa Mshamu mwenyewe, kwa miguu, akiwa na vidonge na bandeji kwenye mfuko wa sokoni. Walinzi wa Kaimu Mdomo walimruhusu aingie baada ya kuwapima shinikizo la damu. Alikifungua kidonda, akakitazama, akakisafisha.

"Shemeji," alimwambia Somoe nje, maana walikuwa wameshaanza kuitana hivyo kwa utani, "dawa hizi zimechelewa. Anahitaji mtu wa kuufungua ule mshipa, na kukata kidole kabla haijabidi kukata mguu. Ng'ambo ya mpaka kuna hospitali ya misheni na yupo daktari wa upasuaji ninayemfahamu. Mpelekeni. Msingoje Jumatatu."

Nilimuuliza kama angekuja nasi. Alinionyesha barua ya uhamisho iliyokuwa imemfikia asubuhi. Alikuwa ametuhumiwa kumwandikia Mtukufu dawa bila idhini, kwa kuwa vidonge alivyompa Mshamu vilikuwa, kwa hesabu za wizara, vinaingia kwenye kinywa cha Mtukufu. Kwa kuzingatia usomi wake, hawakumfunga. Walimhamishia Idara ya Mifugo, kaskazini, kwenye kituo cha kupima ng'ombe ugonjwa wa miguu na midomo.

"Angalau wamejua ninachojua," alisema, akaondoka.

Wizara ilituambia haina gari la kumpeleka, nikaazima gari la bendi, lile la kubebea ngoma. Tukamlaza Mshamu nyuma juu ya godoro, kichwa mapajani kwa Somoe, tukaendesha siku nzima. Walinzi wake walikuja pia, kwa sababu walikuwa hawana amri ya kubaki. Njiani Mshamu alikuwa akiamka anauliza tumefika kijiji gani, nikimwambia anataja mwaka tuliopiga hapo na nani alicheza vizuri.

Mpakani alitupokea afisa kijana, nadhifu, mwenye tabasamu. Alimtambua Mshamu mara moja.

"Mzee wa tarumbeta! Mama yangu anakupenda. Mnakwenda wapi?"

"Hospitali," nilisema. "Pale." Paa lake lilionekana, la bati jekundu, ng'ambo ya daraja. Hata nguo za wagonjwa zilizoanikwa tulikuwa tunaziona.

Kijana alisikitika kikweli. "Kinywani mwake kuna siri ya taifa," alisema. "Hairuhusiwi kutoka nje ya nchi."

"Mwanangu," Somoe alisema, "anachoumwa ni mguu. Basi uacheni mguu uvuke, kinywa kibaki."

Afisa aliona hoja ina uzito, akapiga simu wizarani. Tulisubiri juani. Mshamu alikuwa anatetemeka, nikamfunika kwa kitambaa cha ngoma yangu, kile chenye nembo ya taifa. Baada ya muda mrefu kijana alirudi, amesimama wima, ishara kwamba ameongea na mkubwa.

"Wizara imetafakari. Mguu umeruhusiwa. Mwenye mguu hajaruhusiwa."

Somoe alishuka garini. Hakulia, wala hakupiga kelele. Alimwendea yule kijana akamshika shati kifuani, taratibu, kama anamrekebisha kola.

"Una mama wewe. Umesema anampenda. Rudi nyumbani leo umwambie ulichofanya. Umweleze kwa maneno haya haya."

Kijana alitazama pembeni. Walinzi walitazama pembeni. Nchi yetu ina mandhari nzuri sana, huwa hatukosi pa kutazama.

"Ngwale," Mshamu aliita kutoka nyuma. "Geuza gari. Usimgombanishe kijana na kazi yake."

Nikageuza.

*

Alifariki nyumbani kwake, asubuhi, Somoe akiwa ametoka tu kumbadilishia bandeji. Sumu ya mguu ilikuwa imepanda. Alimwambia mkewe kinywa kimekauka, akanyweshwa maji kwa kijiko, akayashusha yote, akafumba macho. Somoe aliendelea kushika kijiko kwa muda. Nilikitoa mkononi mwake mimi.

Maiti haijaoshwa, gari la wizara likafika, na afisa akashuka na pamba na kikopo. Alikuwa ametumwa kuchukua mali ya Mtukufu iliyobaki kinywani mwa marehemu.

Somoe alisimama mlangoni. "Tulipoomba gari la kumpeleka hospitali, tuliambiwa hakuna. Leo limepatikana la kuleta pamba?"

"Mama, mimi nimetumwa."

"Na mimi nimebaki. Ondoka."

Aliondoka, nadhani kwa sababu kwenye maelekezo yake hapakuwa na sehemu ya mjane anayesema hapana.

Mazishi yalikuwa ya heshima. Mheshimiwa Mabewa alihutubia mbele ya kaburi lililo wazi. Alieleza kwamba marehemu hakufa kwa mishipa, kwani mishipa ile ilishapona na taifa zima lilikunywa chai kwa ajili yake. Uchunguzi wa wizara, alisema, umebaini Mzee Mshamu amefariki kwa furaha iliyozidi kipimo kufuatia kurejea kwa Mtukufu. Alitutaka sote tujifunze kutoka kwake kufurahi, ila kwa kiasi. Kisha alimpa Somoe utepe mwingine wa kijani, mpya. Somoe aliupokea akampa mchimba kaburi, naye akafungia jembe lililokuwa limelegea mpini.

*

Mdomo wa Mtukufu hauwezi kukaa wazi bila kaimu. Mwezi ule ule nikaitwa wizarani. Rika, sawa. Kisukari, sawa. Chai ya Ikulu, sawa. Nilisema nimeheshimiwa mno, kwa sababu hilo ndilo jibu pekee lililokuwepo, nikaenda moja kwa moja kwa Somoe.

Alikuwa anapepeta mchele. Hakunipa pole wala hongera.

"Utaapishwa lini?"

"Wiki ijayo."

"Basi kuna nafasi. Shemeji, kabla hujawa yeye, kapimwe kama wewe."

Tulisafiri pamoja, kwa kuwa alisema hapo nyumbani anausikia ule mguu ukiburuzwa kila chumba. Kituo cha Mifugo kiko mbali, kwenye nchi kavu ya miiba, jengo la mabati lenye zizi ubavuni. Daktari Nuria alitukumbatia. Kisha alinikalisha, akanipa kikopo.

"Hapa hawanikagui," alisema. "Mate yakiwa ya mnyama, hayana siri. Ila lazima nikuandikishe, na fomu zangu zote ni za mifugo. Madume yamejaa mwezi huu. Nitakuandika mbuzi jike."

Nilitema kama mbuzi jike, na kwa mara ya kwanza nikajibiwa kama mtu. Mishipa yangu ilikuwa imeanza kuumwa, imeanza tu. Alinipima mapigo ya miguu akayapata, akanigusisha kidole changu mwenyewe niyasikie. Alinipa vidonge, akanikataza buti na sukari, akaniagiza kutembea kila siku hata kama naona uvivu. Nikarudi, nikaapishwa, nikatema kwa niaba ya Mtukufu. Kwa kuwa hakubaki mtu wizarani anayejua kusoma kipimo kile, walikiinua kwenye mwanga wakakitazama, wakatangaza kwamba Mtukufu ni mzima wa afya.

Somoe hakurudi. Alibaki kule, akawa anaosha vidonda vya wagonjwa. Habari zilienea kwa minong'ono, watu wakaanza kwenda: walimu wastaafu, wake wa makuli, makondakta, hata yule mganga mkuu alimpeleka baba yake, msiniulize nimejuaje. Wanaandikwa kondoo, ndama, mitamba. Takwimu za mifugo za Neemani zimepanda mpaka Mtukufu akapewa tuzo ya kilimo huko ng'ambo, tukamsindikiza kwenda kuichukua.

Mara ya mwisho nilipokwenda kuchukua dawa zangu, lilifika gari jeusi lenye pazia. Akashuka Mheshimiwa Mabewa, bila msafara, amevaa miwani ya jua na kofia ya pama. Tulikuwa tumejaa kwenye mabenchi. Nikajua mwisho wa kituo umefika.

Alipita taratibu akitutazama, akichechemea.

"Mifugo hii," alimwuliza daktari, "inafugwa kwa nyama au kwa maziwa?"

"Inafugwa iishi, Mheshimiwa."

Waziri aliitikia kwa kichwa. Alitazama nje, akaufunga mlango, akaketi mwisho wa benchi, akaanza kuvua kiatu cha kushoto. Harufu ilitufikia kabla soksi haijatoka.

"Niandike mbuzi," alisema.

"Ngoja zamu yako," Daktari Nuria akamwambia. "Wenzako wamefika mapema."

Alingoja. Zamu yake ilipofika ya kuoshwa, alipelekwa kwa Somoe. Mimi nilikuwa karibu, na nakiri niliitazama ile birika iliyokuwa inatoka mvuke jikoni, nikajua kwamba mguu uliokufa ganzi kwa kisukari namna ile hausikii moto hata ukiunguzwa. Somoe alimimina maji ya moto, akachanganya na ya baridi, akatumbukiza kiwiko kupima, akaongeza ya baridi kidogo. Kisha akauchukua mguu wa Mheshimiwa kwa mikono miwili akaanza kuuosha, kati ya kidole na kidole.

Mheshimiwa hakumkumbuka. Alifumba macho kwa nafuu.

"Ahsante, mama," alisema. "Una mikono ya huruma. Mumeo ana bahati."

Somoe alikamua kitambaa.

"Lete mguu wa pili," alisema.